Skrini Iliyosahau Kila Asubuhi

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi ilianza kwa manyunyu, yale ya ukorofi yasiyotosha kumwagilia hata kopo la maua lakini yanatosha kuharibu nguo ya mtu. Kufika saa tatu jua lilichomoza ghafla, na mvuke ukapanda kutoka kwenye lami kama sufuria iliyofunuliwa.

Mdarizi aliingia katika jengo la mafundi akiwa amekumbatia monita kwa mikono miwili. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vyema, pindo lake limedariziwa maua meupe kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amepiga magoti kando ya cherehani na kuomba sala fupi: "Baba, nipeleke kwa fundi mwaminifu." Sasa alisimama katikati ya kelele, huku mmoja akiuza chaji, kule mwingine akibandua kioo cha simu, na kila kibanda kikimwita.

"Dada, karibu!"

"Dada, hapa ndipo penyewe, huko mbele ni maumivu tu!"

Mtu aliyebeba boksi akampiga kikumbo. Monita ikamponyoka. Kabla haijafika sakafuni, mikono miwili ikaidaka kutoka chini.

"Taratibu, dada! Mtoto huyu umembeba bila mbeleko?"

"Na wewe umemdaka kama nani? Baba yake?"

"Kama nafasi hiyo iko wazi, nipe fomu nijaze."

Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Mdarizi alitaka kununa, lakini midomo ilimsaliti, akacheka pia.

Watu wa jengo lile walimwita mdakaji huyo Fundi Kalamu, kwa sababu hakugusa mashine yoyote kabla ya kuandika ugonjwa wake kwenye kipande cha boksi, na kalamu yake ilikaa nyuma ya sikio mchana kutwa. Alikuwa mrefu, mwenye shati la samawati lililopigwa pasi vizuri. Ila kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo. Mahali pake alikuwa amefunga kijiwaya chembamba cha umeme. Mdarizi alikiona kijiwaya kile, na kuanzia hapo hakuona kingine.

"Ugonjwa wake nini?" Kalamu aliuliza, kalamu mkononi.

Mdarizi akaeleza. Alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa Linux, ya kuendeshea mashine yake ya kudarizi. Kwaya moja ilikuwa imempa kazi ya majoho ishirini na manne, kila joho na njiwa kifuani, yavaliwe Jumapili ya tarehe thelathini. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Lakini kwenye skrini herufi zilikuwa nene kama zimevimba, picha imevutwa pembeni, na sehemu ya chini ya programu ya kuchorea haionekani kabisa. Huko chini ndiko kulikokuwa na vipimo vya mchoro na rangi za nyuzi.

Kalamu akaiunganisha monita kwenye kompyuta yake. Picha ikatokea safi.

"Monita ni nzima. Mgonjwa yuko nyumbani," alisema. "Saa nane nitakuwa kwako, kama utanielekeza."

"Nitakuelekeza. Lakini hilo shati uje nalo hilo hilo."

"Kwa nini?"

"Hicho kijiwaya kinanitoa machozi."

Mdarizi aliishi na shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yao. Dirishani ilikaa mashine ya kudarizi. Mezani ilikaa kompyuta. Kwenye kiti cha chini alikaa shangazi mwenyewe, bakuli la vifungo mapajani, macho yake makali kuliko sindano.

Saa nane kamili Kalamu alibisha hodi. Alichungulia nyuma ya kompyuta, akatikisa kichwa.

"Tundu hili limevunjika jino moja ndani. Ni lile la kupitishia habari za monita. Kwa hiyo kompyuta haijui monita hii ni ya aina gani. Imeichukulia kama mgeni asiyefahamika, ikaipa kiti kidogo cha mlangoni."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunamtambulisha mgeni kwa mkono."

Akafungua dirisha jeusi, akaandika neno moja, xrandr, akabonyeza. Ikashuka orodha fupi ya vipimo, na kando ya 1024x768 palikuwa na nyota ndogo.

"Nyota inaonyesha kipimo kinachotumika sasa. Monita yako inataka 1440 kwa 900, na kwenye orodha hakipo. Tutakitengeneza." Akaandika cvt 1440 900, na kompyuta ikamtolea mstari wenye namba tisa. Akazipachika kwenye amri nyingine, kisha akasita. "Kipimo kipya kinahitaji jina. Jina ni lolote, kompyuta inajali namba tu. Tukiite nini?"

"Wewe si umesema ni mgeni?"

"Basi mgeni." Vidole vyake vikakimbia. Amri ya kuunda kipimo, amri ya kukiweka kwenye orodha, kisha ya mwisho: xrandr --output VGA-1 --mode mgeni.

Skrini ikawa giza. Kisha picha ikarudi, pana, laini, herufi nyembamba kama uzi wa hariri, na kule chini, waziwazi, vipimo na rangi zote za nyuzi zikajipanga.

"Shangazi, njoo uone! Yote! Naona yote!" Mdarizi aliruka akapiga makofi, na bila kujua akamshika Kalamu mkono.

Shangazi hakuinuka. "Mimi naona vya kutosha nikiwa hapa hapa," alisema.

Mdarizi akauachia mkono. Ili kuficha aibu alichukua sindano, akakikata kile kijiwaya, akashona kifungo cheupe kwenye shati Kalamu akiwa amelivaa. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mwishoni alizungusha uzi mara tatu, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Hicho hakitoki," alisema. "Shati litachakaa, kifungo kitabaki."

Jioni alizima kompyuta kama kawaida. Asubuhi ya Jumatano alipoiwasha, herufi zilikuwa zimevimba tena.

Alipiga simu. "Bwana Kalamu, mgeni wako ametoroka!"

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Ukiizima inasahau. Nakuja."

"Hakuna dawa ya kuifanya ikumbuke?"

"Ngoja nitaangalia. Kwa sasa nakuja."

Akaja. Akaandika zile amri haraka haraka, skrini ikanyooka. Alhamisi akaja tena, na Ijumaa. Mdarizi alimwomba amwandikie hizo amri kwenye kipande cha boksi, naye akajikuna shingo: "Ni ndefu, mama wa nyuzi. Ukikosea namba moja skrini inaweza kubaki giza. Mimi siko mbali."

Na kwa kweli hakuwa mbali. Alikaa dakika kumi, kisha nusu saa, kisha mpaka chai ikapoa. Walizungumza habari za baba yake Kalamu, mfua mabati mstaafu anayeimba akioga. Walizungumza habari za Mdarizi kurudi darasani akiwa na miaka thelathini na minne, masomo ya kompyuta ya jioni, amekaa na vijana wadogo wanaomwita mama.

"Huoni haya?" Kalamu alimtania.

"Haya ya nini? Mungu hakuniwekea tarehe ya mwisho ya kujua."

Kalamu akakiweka kikombe chini. "Maneno yako yananifanya nitamani kuwa mtu mzuri kuliko nilivyo," alisema, na Mdarizi, ambaye hakuelewa, aliyabeba maneno yale usiku kucha kama zawadi.

Simu nazo zikaanza.

"Umelala, laazizi?"

"Nimelala. Anayeongea ni mto."

"Mwambie mto namwonea wivu."

"Ishia hapo hapo, Bwana Kalamu. Shangazi anasikia hata kwa ukuta."

Shangazi alisikia kweli. "Huyu fundi wako wa kuja-kuja," alisema asubuhi moja, "mbona ugonjwa anaoutibu hauponi? Mimi daktari akinipa sindano ile ile kila siku wiki mbili, nabadilisha daktari."

"Ah, shangazi! Ni tundu limevunjika jino."

"Haya. Mimi sisemi mengi, lakini macho ninayo."

Ikafika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili. Zilibaki siku nane. Mdarizi aliwasha kompyuta, ikawa imesahau kama desturi yake. Kalamu akasema kwenye simu kwamba ana mteja kibandani, atafika saa nane mchana. Mdarizi alitazama rundo la majoho ya rangi ya divai, akatazama saa, akashindwa kusubiri. Alijua mahali vipimo vilipo, hata kama havionekani. Aliandika kwa kukisia, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, akaiachia mashine ifanye kazi huku yeye na shangazi wakipanga vifungo kwenye chumba cha nyuma. Alirudi tu kubadilisha majoho, kichwa kikiwa kwenye simu ya Kalamu, joho limekunjwa ndani ya fremu. Alipolikunjua la tisa akalining'iniza ukutani, akaganda.

Shangazi alikuja akasimama kando yake.

"Mwanangu," alisema polepole, "hawa ni njiwa au ni bata mzinga?"

Njiwa alifika kutoka begani hadi kwenye mbavu. Mabawa yake yaliingia kwapani. Kwenye majoho tisa.

Mdarizi alikaa sakafuni. Hakulia kwanza, alicheka, kisha kicheko kikageuka. Kufumua darizi ya majoho tisa bila kuacha matundu si kazi ya mchezo, na jina lake kwa watu wa kwaya lilikuwa linaning'inia pale ukutani pamoja na yule bata mzinga. Saa nane Kalamu alifika, akayaona majoho yale, akanyoosha skrini na kuondoka bila kunywa chai.

Jumatatu jioni, darasani, alibaki baada ya wenzake kutoka. Mwalimu wa jioni alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba. Mdarizi akamweleza habari za skrini.

"Amri za xrandr hazidumu," mwalimu alisema. "Ukizima, zinakwenda. Ndiyo maana mtu anaziandika kwenye faili linalosomwa kila unapoingia. Linaitwa .xprofile, jina lake linaanza na nukta. Dakika mbili tu. Aliyekutengenezea hakukufanyia?"

"Labda halijui, mwalimu."

Mwalimu akavua miwani. "Aliyejua kuunda kipimo kipya kwa cvt na hilo analijua. Ni kama mtu ajue kuoka mkate asijue kuutoa kwenye oveni."

Mdarizi alitembea kurudi nyumbani hatua ndefu ndefu. Mlangoni, kabla ya kuvua viatu, alipiga simu.

"Laazizi!" sauti ya Kalamu ilichangamka. "Nilikuwa nataka..."

"Kifungo chako kipo?"

"Kifungo? Kipo."

"Kimelegea?"

"Hapana. Kimekaza."

"Kwa nini kimekaza?"

"Si ulifunga fundo?"

"Nilifunga fundo. Na siku ile nilitamani urudi, Mungu ananijua. Ningeweza kuuacha uzi wazi, kifungo kidondoke kesho yake, uje tena, na kesho kutwa uje tena. Sikufanya hivyo. Sasa niambie. Lile faili linaloanza na nukta, unalijua?"

"Nalijua," Kalamu alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilisema ni siku moja tu, nipate sababu ya kurudi. Kesho yake nikasema moja nyingine. Nilikuwa naogopa kwamba skrini ikipona, sitakuwa na la kunileta kwako. Nisamehe. Nakuja sasa hivi, nitalala mlangoni nikifumua hayo majoho..."

"Usije. Nilimwomba Mungu fundi mwaminifu. Sikumwomba mtu wa kuniharibia kazi kwa mapenzi." Akakata simu.

Usiku ule hakugusa kitu. Alisali, akalala. Asubuhi ya Jumanne, mapema, alikaa mbele ya kompyuta na daftari lake la darasani. Akaandika xrandr, nyota ikaonekana pale pale kwenye kile kiti cha mlangoni, 1024x768. Akaandika cvt 1440 900. Namba tisa zikaja, akazihakiki kwa kidole moja moja: 106.50, 1440, 1528, 1672, 1904, 900, 903, 909, 934. Kipimo kilihitaji jina. Alifikiri kidogo. Akaandika: mwenyeji.

Skrini ikawa giza, akasema "Ee Baba," na picha ikatokea pana mpaka kwenye kingo.

Lakini safari hii hakuishia hapo. Aliziandika zile amri tatu kwenye faili la nukta, akalihifadhi, akazima kompyuta kabisa. Akahesabu mpaka ishirini. Akaiwasha, akafumba macho.

"Fumbua, imekuja," shangazi alisema nyuma yake. "Na hakuna fundi humu ndani."

Mdarizi alifumbua. Herufi nyembamba. Chini kabisa, nyuzi zote zimepanga mstari. Alipiga ukelele hadi majirani wakachungulia dirishani. Alimzungusha shangazi mara mbili, bakuli likapinduka, vifungo vikatawanyika mpaka chini ya kabati.

"Nimefanya mwenyewe! Mimi! Kwa mkono huu!"

"Naona, naona, nishushe mimi mzee wa watu!"

Siku tatu mfululizo walifumua. Shangazi alishika wembe mdogo, Mdarizi akavuta nyuzi kwa kibano, kisha wakayapiga majoho pasi kwa mvuke hadi matundu yakafumba, mashine ikadarizi upya. Mpaka Ijumaa mchana njiwa ishirini na wanne, kila mmoja wa ukubwa wa kiganja, walikuwa wametua vifuani kwa adabu.

Mchana ule ule shangazi alirudi kutoka dukani na kipande cha boksi. "Nimempita mtu kwenye kona ya barabara. Amesimama kama nguzo. Amenipa hiki, akasema hatafika mlangoni kwa sababu ulimkataza."

Mdarizi alikipokea. Mwandiko ulikuwa safi. Amri zote zilikuwepo, bila kukosa herufi, na jinsi ya kuziweka kwenye faili la nukta. Chini yake: *Hili ndilo ningekupa siku ya kwanza. Sasa hunihitaji tena kwa skrini. Nisamehe kwa njiwa tisa.*

Alilinganisha na daftari lake. Namba kwa namba, zilikuwa sawasawa.

"Safari hii na yeye amefunga fundo," Mdarizi alisema taratibu. "Amenipa sababu zake zote za kurudi."

"Ulimwomba Mungu fundi mwaminifu," shangazi alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Hukusema awe amekamilika kutoka dukani. Kompyuta ile si uliinunua mtumba? Mbona hukuitupa?"

Mdarizi alichukua simu, akaenda dirishani.

"Haloo?" Kalamu aliita kwa haraka. "Skrini imesumbua? Sikukosea namba, nilihakiki mara tatu..."

"Skrini haina neno. Nimeiponya mwenyewe tangu Jumanne."

"Wewe mwenyewe?" Sauti yake ikapanda kwa furaha isiyo na hila hata kidogo. "Wewe mwenyewe! Iliwaka mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza!"

"Ukakipa jina gani?"

"Mwenyeji."

Alimsikia akicheka. "Sasa... kama skrini ni nzima, umenipigia kwa nini?"

"Nimekupigia kwa sababu nataka uje. Umesikia? Ni maneno machache tu, na hayajaniua."

Jumamosi saa nne asubuhi kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuja kuchukua majoho akiwa na waimbaji wawili. Alilishika joho moja, akalipeleka dirishani, akapitisha kidole juu ya njiwa.

"Hapa hata malaika hawezi kuona kosa," alisema. "Mwaka kesho tuna waimbaji sitini. Kazi ni yako."

Wakati huo ndipo hodi ilipobishwa. Kalamu alisimama mlangoni na shati lile lile la samawati, kifungo cheupe kikiwa imara. Alipoona watu wamejaa alirudi nyuma nusu hatua.

"Ingia," Mdarizi alisema. Gauni lake leo lilikuwa la njano, na uso wake uling'aa kulishinda. "Leo hakuna kilichoharibika. Ukiwa na la kusema, lisemee hapa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao. Uliyoyafanya kimya kimya yamenitosha."

Kiongozi wa kwaya, ambaye hakujua habari yoyote lakini aliinusa, akaweka majoho chini na kuketi. Waimbaji wakakaa pembeni yake. Shangazi akasukuma bakuli la vifungo kando.

"Na paza sauti, baba," shangazi alisema. "Sikio langu la kushoto halifanyi kazi Jumamosi."

Kalamu alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama, akaitia mfukoni kana kwamba leo hakuna cha kuandikwa. Akamgeukia Mdarizi.

"Shangazi, mama, na ninyi dada zangu, mnisikie," alisema. "Nilimpenda binti huyu nikaogopa kusema, nikaiacha kazi yake nusu ili iniite kila siku. Sitafanya hivyo tena, si kwake wala kwa mteja yeyote. Nikiwa na hamu naye nitasema nina hamu naye. Na akinikubali, Jumamosi ijayo saa nne nitakuja kwenye mlango huu na baba yangu mzazi kumwomba awe mke wangu, na naahidi nitakuja bila kitu chochote kuharibika."